Vigingi Saba vya Mwalimu Naftaly

Juu ya ubao wa darasa la nne, pale ambapo shule nyingine huweka saa au kalenda, Mwalimu Naftaly Owuor alikuwa ameandika namba moja kwa rangi nyeupe ya mlango: 1111111. Kila tarakimu ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto, na zote zilisimama wima, bega kwa bega, kama ua wa zizi. Watoto waliiita vigingi saba. Katika shule ile ya shambani, mwendo wa nusu saa kutoka stesheni ya Rongai, mtoto aliyechelewa hakuchapwa. Alipewa kibao chake na kuambiwa, "Haya, ng'oa kigingi," yaani atafute namba inayoigawa ile bila kubaki kitu. Miaka tisa ilikuwa imepita na hakuna aliyewahi kung'oa.

Cherono alipewa adhabu hiyo mara moja tu, mwaka wa 1948, siku aliyochelewa kwa sababu ng'ombe wao alizaa njiani. Alijaribu mbili, tatu, nne, tano, mpaka kengele ikalia. Wenzake wakiachiliwa, waliisahau namba na kukimbilia mpira. Yeye alienda nayo nyumbani. Ilimshangaza kwamba kitu kilichojengwa kwa tarakimu moja tu, ile ndogo kuliko zote, kingeweza kuwa kigumu hivyo. Namba kubwa nyingine zilikuwa na mikunjo yao, saba hapa na tisa pale. Hii ilikuwa uchi kabisa, na bado haikuonyesha kitu.

Sasa ilikuwa 1957. Cherono alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza darasa la nane Nakuru, na amerudi shule ile ile kuwafundisha wasichana kushona. Hakupenda kushona. Aliwapenda wasichana, akawashonesha, lakini kila walipokata kitambaa alijikuta anawauliza kitatoka vipande vingapi na kitabaki kipande gani.

Jumatatu moja, saa ya chai, yeye na Mwalimu Naftaly walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya darasa.

"Mwalimu," akasema Cherono, "ile namba yako, wewe ulijuaje kwamba haigawanyiki?"

"Niliigawa."

"Kwa ngapi?"

"Kwa kila namba, kuanzia mbili mpaka mia moja. Nilipokuwa chuoni, likizo nzima. Wenzangu wanacheza mpira, mimi nagawa."

"Na baada ya mia moja?"

Mwalimu Naftaly alikitazama kikombe chake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti moja la kahawia ambalo hakuwahi kuonekana bila kulivaa, hata jua likiwa kali. "Baada ya mia moja," akasema, "shule ilifunguliwa."

Cherono akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu.

Mwalimu hakukasirika, ila alipofungua kinywa tena sauti yake ilikuwa ya ofisini. "Kamati ya shule inakaa Jumamosi. Barua yako ya kwenda chuo cha walimu lazima iondoke na treni ya siku hiyo. Umeniomba mara tatu niandike kwamba unafaa kufundisha hesabu. Mimi nimekuona ukishika sindano. Sijakuona ukishika hesabu."

"Hujanipa darasa la hesabu, Mwalimu. Utanionaje?"

"Basi nitakuona Jumamosi, mbele ya kamati. Ng'oa kigingi, nitaandika hesabu, na darasa la nne nitakupa ukirudi. Usipong'oa, nitaandika ushonaji. Na ujue chuo kikishakuandika ushonaji, umeandikwa."

Hakuwa anamkejeli. Mwalimu Naftaly hakuwahi kutia sahihi jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Ndiyo maana barua zake ziliaminiwa mpaka Nakuru, na ndiyo maana Cherono aliitaka yake na si ya mwingine.

Jioni ile, baada ya kukamua, alikaa kwenye uwanja wa kuanikia mahindi nyuma ya nyumba yao, pale ambapo udongo ulikuwa umepigwa ukawa laini kama meza, akashika kijiti. Kwanza alitaka kujua safari ni ndefu kiasi gani. Namba mbili zikizidishana kufikia vigingi saba, ile ndogo haiwezi kupita elfu moja na hamsini na nne, maana zikipita zote mbili, jibu nalo linapita. Kwa hiyo kama mgawaji yupo, yupo kati ya mia moja na elfu moja na kidogo. Ukiondoa shufwa, ukiondoa za tatu na za tano, bado zinabaki mamia. Na kila moja ni mstari mrefu wa kugawa. Alikuwa na siku nne na kijiti.

Jumanne aliacha vigingi saba vikae, akawaendea wadogo zao.

Viwili, 11, haviguswi na kitu. Vitatu, 111, ni tatu mara thelathini na saba. Vinne ni kumi na moja mara mia na moja. Vitano vilimchukua saa nzima, mpaka akapata arobaini na moja mara mia mbili sabini na moja, akapiga magoti kuhakikisha kama mtu aliyeona sarafu kwenye majani. Vigingi sita vilimwagika vyenyewe, maana vilikuwa na vya viwili na vya vitatu ndani yake, na pamoja nao wakaja wageni wawili, saba na kumi na tatu.

Aliwapanga wageni hao kwenye udongo, kila mmoja mbele ya ua ambapo alionekana kwa mara ya kwanza. Thelathini na saba kwenye ua wa vitatu. Mia na moja kwenye vinne. Arobaini na moja na mia mbili sabini na moja kwenye vitano. Saba na kumi na tatu kwenye sita. Akawatazama kwa muda mrefu, kama unavyotazama watu wa ukoo mmoja waliokaa kwenye benchi moja ukijua kuna kitu wanafanana, pua au paji la uso, lakini hujui ni nini.

Halafu akaona. Thelathini na saba ukiigawa kwa tatu, inabaki moja. Mia na moja kwa nne, inabaki moja. Arobaini na moja kwa tano, moja. Mia mbili sabini na moja kwa tano, moja. Saba kwa sita, moja. Kumi na tatu kwa sita, moja. Hata kumi na moja kwa mbili, moja. Tatu peke yake alikuwa mkorofi, hakufuata, lakini tatu alijulikana. Yeye hugawa kila namba ambayo jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa tatu, na vigingi saba jumla yake ni saba.

Cherono aliweka kijiti chini.

Lakini kufanana kwa watu saba si sheria. Angekwenda mbele ya kamati aseme nini? Kwamba ameona pua zinafanana? Mwalimu Naftaly angeuliza neno moja tu, kwa nini, na hapo sindano ingekuwa imemshika mkono. Jumatano yote alitembea na neno hilo, akifundisha pindo huku macho yakiwa juu ya ubao, mpaka msichana mmoja akamwambia, "Mwalimu, umeshona sketi yangu na yako pamoja." Ilikuwa kweli.

Alhamisi aliporudi alimkuta mama yake, Chepkemei, amekaa mlangoni akitengeneza ukanda wa kibuyu cha maziwa. Chepkemei alikuwa fundi wa shanga ambaye watu walimfuata kutoka hata Molo. Alitunga shanga kuwa vitanzi vidogo, kila kitanzi na urefu ule ule, kisha akavishona kwenye ngozi. Hakuhesabu kamwe. Ukimwuliza kitanzi kina shanga ngapi, alikwambia, "Kinatosha."

"Mama, umebakiza ngapi?" Cherono aliuliza bila kufikiri, akiketi.

"Nimemaliza."

Cherono alichungulia kwenye kopo la majani ya chai ambamo shanga zilikaa. Chini kulikuwa na shanga moja nyeupe. "Na hii?"

"Hiyo ni ya kopo. Chombo hakiachwi kitupu." Hilo Cherono alilijua tangu utotoni. Mama yake hakuacha kibuyu bila tone la maziwa wala kapu bila punje, na kopo la shanga vivyo hivyo. "Nafunga vitanzi mpaka ibaki moja. Zikibaki mbili au tatu, najua kuna mahali nimekosea, kitanzi kimoja kimefungwa vibaya. Nafungua."

"Hata ukiwa hujahesabu?"

"Kwa nini nihesabu? Vitanzi vikiwa sawa na imebaki moja, nani amepotea?"

Cherono alibaki ameshika kopo. Mama yake alisema kitu kuhusu ndama, akakisema tena, kisha akamwacha.

Vitanzi sawa, na moja imebaki. Alikimbia uwanjani akaandika arobaini na moja. Ukigawa kwa arobaini na moja, baki inaweza kuwa sifuri, au moja, au mbili, mpaka arobaini. Hizo ndizo shanga, jumla arobaini na moja. Akachukua ya kwanza, moja. Akaizidisha kwa kumi, kama baki inavyozidishwa kila unaposhusha tarakimu, ikawa kumi. Kumi mara kumi ni mia, toa arobaini na moja mara mbili, inabaki kumi na nane. Kumi na nane mara kumi, inabaki kumi na sita. Kumi na sita mara kumi, inabaki thelathini na saba. Thelathini na saba mara kumi ni mia tatu na sabini, inabaki moja.

Moja. Kitanzi kimejifunga, na kina shanga tano.

Akachukua mbili, nayo ikazunguka na kurudi kwa hatua tano. Akachukua tatu. Kila aliyoichukua ilirudi kwa tano, na hakuna shanga iliyoingia kwenye vitanzi viwili. Vitanzi vinane, shanga arobaini. Iliyobaki ilikuwa sifuri, maana sifuri ukiizidisha kwa kumi ni sifuri, haiendi popote, haifungwi na mtu. Sifuri ilikuwa shanga ya kopo.

Na sababu ilikuwa pale pale, wazi kama vigingi vyenyewe. Namba inayogawa vigingi vitano inagawa pia 99999, ambayo ni vigingi vitano mara tisa. Basi laki moja, ikiwa imezidi hiyo kwa moja, lazima ibakize moja. Kuzidisha kwa kumi mara tano ni kurudi ulikotoka. Kwa vigingi saba ni hivyo hivyo, unarudi kwa hatua saba. Na kwa kuwa saba yenyewe haigawanyiki, hakuna kitanzi kinachoweza kujifunga mapema. Kila mgawaji wa ua ule, awe nani, ni vitanzi vya saba saba na shanga moja kwenye kopo.

Alikaa chini kwenye udongo. Treni ya mizigo ilipita kuelekea Nakuru na hakuisikia. Alijisikia kama mtu aliyeishi miaka tisa karibu na nyumba ya jirani mkimya, na leo jirani amefungua mlango na ndani kuna watu, kuna mpangilio, kila kitu kiko mahali pake, na hakuna aliyepanga. Hakuna mtu aliyeziambia namba zifanye hivi. Zilikuwa zinafanya hivi kabla ya reli, kabla ya shamba, kabla ya mtu wa kwanza kuhesabu vidole.

Kati ya namba zote zilizokuwa zinamngoja kutoka mia moja kwenda juu, sasa ni chache zilizohitaji kuulizwa. Alianza tangu chini, kwa sababu hakutaka kumwamini Mwalimu Naftaly bila kuhakikisha. Namba zinazobakiza moja zikigawanywa kwa saba, zisizo shufwa, zisizogawanyika zenyewe: 29, 43, 71, 113, 127, 197, 211, 239, na kuendelea. Ijumaa mchana aligawa. Ishirini na tisa ilibakiza tano. Arobaini na tatu ilibakiza thelathini na nne. Sabini na moja, thelathini na mbili. Mwalimu alikuwa amegawa vizuri. Mia na kumi na tatu ilibakiza tisini na tano, na mia na ishirini na saba ikabakiza mia na kumi na tano. Halafu mvua ikashuka kutoka upande wa Molo, ile ya ghafla, uwanja ukawa tope na hesabu zake zikaenda na maji kuelekea shimo la takataka. Alichukua kibao chake cha zamani chenye ufa, akaingia jikoni, akagawa 197. Ikabaki thelathini na moja. Alfajiri kulipokucha Jumamosi, kabla ya kukamua, akagawa 211. Ikabaki mia na tisini na sita.

Muda ukaisha. Alinawa mikono, akaenda shuleni.

Kamati ilikuwa imekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwenyekiti, Mzee Kimaiyo, ambaye ndiye aliyesimamia mashine za kuvunia ngano pale shambani, alikuwa amejikunja kwenye dawati la mbele kama panzi.

"Huyu ndiye wa sindano?" akauliza.

"Ndiye wa hesabu, mzee," akasema Cherono.

"Aah. Mdomo anao. Tuone na mengine."

Mwalimu Naftaly aliwaeleza kamati jambo lenyewe, lakini alilieleza kwa maneno ya chuoni, nusu yake Kiingereza, mpaka Mzee Kimaiyo akainua mkono. "Mwalimu, sisi tumekuja na masikio ya kawaida tu. Sema kwa lugha ya watu."

"Nitasema mimi," akasema Cherono.

Akachukua chaki. Akawaambia juu ya shanga na kopo, kwa Kiswahili ambacho Mzee Kimaiyo hakuhitaji kukigeuza kichwani. Akachora vitanzi vya arobaini na moja, kimoja kimoja, akawaacha wazee wenyewe wazidishe kwa kumi na kutoa. Mzee Kimaiyo alipofika kwenye hatua ya tano na moja ikarudi, alisema "Ee" taratibu, na hakufanya mzaha tena. Mwalimu Naftaly alikuwa amesimama kando ya dirisha. Alikuwa amevua koti.

"Kwa hiyo," akasema Cherono, "kama kuna namba inayogawa vigingi, lazima iwe vitanzi vya saba na moja ya kopo. Nimejaribu saba za kwanza. Hazikugawa. Inayofuata ni mia mbili thelathini na tisa."

"Na hiyo inagawa?" akauliza Mwalimu.

"Sijui."

"Hujui," Mwalimu akarudia.

"Sijaifikia. Mvua ilinyesha. Nitaigawa hapa."

Akaandika 239 kando ya ua, akaanza. Elfu moja mia na kumi na moja, ndani yake mia mbili thelathini na tisa inaingia mara nne. Inabaki mia na hamsini na tano. Akashusha kigingi. Elfu moja mia tano hamsini na moja, inaingia mara sita, inabaki mia na kumi na saba. Akashusha kigingi. Elfu moja mia na sabini na moja, mara nne. Inabaki mia mbili na kumi na tano. Kilibaki kigingi kimoja. Alikishusha, na mkono ukasimama, kwa sababu macho yalikuwa yameshaona kabla ya mkono. Elfu mbili mia na hamsini na moja. Mia mbili thelathini na tisa mara tisa.

Aliandika 2151 chini ya 2151, akapiga mstari, akaandika sifuri.

Mwalimu Naftaly alikuja mpaka ubaoni, akachukua chaki mkononi mwa Cherono, akazidisha mwenyewe, 239 mara 4649, polepole, akisogeza midomo. Ilipotoka, tarakimu saba za moja, alirudi nyuma hatua mbili akazitazama kama mtu anayeona picha ya nduguye mkubwa akiwa mtoto.

"Na hii elfu nne mia sita arobaini na tisa," akasema, sauti chini, "yenyewe inagawanyika?"

Cherono alifikiri. "Kama inagawanyika, mgawaji wake mdogo hapiti sitini na nane, na angekuwa mgawaji wa vigingi pia. Wa vitanzi vya saba chini ya sitini na nane ni ishirini na tisa na arobaini na tatu tu. Hao wote tuliwakataa. Wewe uliwakataa kabla yangu, chuoni." Akageuka kumtazama. "Likizo yako haikupotea, Mwalimu. Hao wawili ndio wanaotuambia tumefika mwisho."

Mwalimu Naftaly alitafuta mfuko wa koti ambalo hakuwa amelivaa. "Niazimeni kalamu," akawaambia kamati.

Aliandika barua pale pale, juu ya dawati la Mzee Kimaiyo, na neno la hesabu aliliandika kwa herufi kubwa kidogo kuliko mengine. Mzee Kimaiyo akatia sahihi yake chini, kisha akauliza, "Na vigingi kumi na moja je?" Mwalimu na Cherono wakatazamana, na Mwalimu akaanza kuandika pembeni mwa ubao: 23, 67, 89.

Nyumbani Cherono alimkuta mama yake ameanza ukanda mwingine, kopo la shanga limejaa tena. Alikaa karibu naye akamweleza yote, mpaka mstari wa mwisho.

"Ilibaki ngapi?" akauliza Chepkemei.

"Haikubaki kitu, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Chepkemei akatikisa kichwa, hakuridhika. Mwalimu Naftaly alikuwa amempa Cherono kopo la chaki, kopo la bati lililokwisha, ili aende nalo chuoni. Mama yake alilichukua, akaangalia ndani, akaingiza vidole kwenye kopo lake mwenyewe na kutoa shanga moja nyeupe. Akaidondosha humo. Ililia juu ya bati, mara moja, ikatulia.

"Sasa iko sawa," akasema, na kurudi kwenye kazi yake.